Programu yangu iliwakataa wazee wote waliozaliwa kabla ya Uhuru, na koko mmoja akakataa kurekebishwa

Wakuu, heshima zenu popote mlipo, pamoja na ninyi wa ng'ambo ya pili ya ziwa mnaotuona sisi wa huku kama milima tu.

Haya yamenipata mwenyewe. Majina nimebadilisha, kituo sikitaji, lakini kosa ni langu na nimeliacha lilivyo. Sijaongeza chumvi. Ilikuwa na chumvi ya kutosha.

Mimi ni mwanamke, nipo Uvira, Kongo, na ninaandika code. Najua kuna watu wamesoma sentensi hiyo mara mbili. Someni na ya tatu, kisha tuendelee.

Nina kibanda changu mtaa wa Kimanga. Mbele tunatoa photocopy na kupiga picha za passport. Nyuma kuna meza yangu, laptop, na feni ambayo inazunguka umeme ukipenda.

Ninaandika kwa PHP, lugha moja ya kutengenezea programu. Msianze. Najua mnavyoicheka humu. Wengi wenu mnaicheka mkiwa mmelipwa na tovuti zilizoandikwa kwa hiyo hiyo PHP, kwa hiyo kaeni kwa adabu.

Sasa twende.

Kituo kimoja cha afya hapa mjini kilipata timu ya madaktari wa macho. Wangekaa Jumatatu mpaka Jumamosi, wafanye upasuaji wa mtoto wa jicho bure, waondoke. Hapa kwetu timu ya namna hiyo ikiondoka hujui itarudi lini. Inaweza kurudi mwakani, inaweza isirudi kabisa.

Watu wakaanza kushuka kutoka Hauts-Plateaux, kule juu kwa wafugaji, na wengine wakaja kutoka vijiji vya bonde la Ruzizi. Ilihitajika programu ya kuwaandikisha, kuwapanga kwa umri, na kumtolea kila mmoja fiche, yaani karatasi yenye jina, umri, siku na chumba.

Nikapewa mimi hiyo kazi. Nilifurahi sana, sitaficha. Mitaani wamezoea kunijua kama yule dada wa photocopy.

Sasa kwa wasio wa fani, nieleze kidogo. Computer haijui tarehe. Ukiiandikia "12/05/1983" inaona herufi tu. Lazima kuwe na function ya kusoma hayo maandishi na kuyageuza tarehe. PHP inayo ya kwake, inakuja nayo tangu kiwandani, inaitwa strtotime. Unaipa maandishi, inakurudishia tarehe. Inasoma hata "kesho" na "Jumatatu ijayo" ukiandika kwa Kiingereza. Ni kama karani anayejidai anajua kila kitu.

Mtego wake mmoja niliujua. Ukiweka mikwaju kati ya namba, inasoma Kimarekani, mwezi kwanza. Tarehe tatu mwezi wa nne inakuwa tarehe nne mwezi wa tatu. Huo niliuziba mapema. Nikajisifu kabisa mbele ya kioo.

Lakini huku kwetu kuna jambo jingine. Mtu mzima mara nyingi hana siku ya kuzaliwa. Ana mwaka. Kwenye karata ya ubatizo, yaani kadi, wameandika mwaka tu, au hata kwenye kitambulisho wameandika "né vers", yaani amezaliwa kama mwaka fulani hivi. Mama yangu mzazi yuko hivyo. 1971, basi, hakuna cha mwezi wala siku.

Nikasema sawa, mtu akiwa na mwaka tu, karani aandike mwaka tu, na strtotime isome.

Nikafanya test. Nikaweka tarehe yangu, umri ukatoka sawa. Nikaweka 1971 ya mama, umri ukatoka sawa.

Nikafunga laptop nikaenda kula ndagala, yaani dagaa wenu, kwa ugali. Kumbukeni huo ugali, kwa sababu ndio niliokula nikiwa na amani mara ya mwisho wiki ile.

Siku za kuandikisha nami nilikaa mezani pamoja na muuguzi mmoja, yeye akiandika kwenye cahier, yaani daftari, kwa kalamu, mimi kwenye laptop. Ndipo nilipomkuta Koko Nabintu.

Koko kwetu ni bibi. Huyu alikuwa ametoka Lubarika, kule bondeni, analima maharagi na mahindi. Mwembamba, kitenge kimefungwa barabara, macho yote mawili meupe kama yamemwagiwa maziwa. Alileta karata ya ubatizo ndani ya kipande cha plastiki. Imeandikwa 1949.

Nikamuuliza kwa kumchangamsha tu, Koko, macho ukipona utaangalia nini kwanza?

Nilidhani atasema wajukuu.

"Mupaka ya shamba," akasema. "Jirani iko ananisogezea mupaka. Zamani nilikuwa napima na miguu, inafika hatua mia na makumi ine. Sasa inafika mia na ishirini. Banasema njo uzee. Weye muntu wa masomo, niambie. Muzee anafupisha hatua ao anarefusha?"

Anafupisha, Koko.

"Basi hesabu ingepanda. Kwa nini inashuka?"

Wakuu, mimi nimesoma hesabu shuleni na sijawahi kusikia hoja imefungwa namna ile. Jirani alikuwa anamlia shamba mchana kweupe, na kila alipolalamika kwa chef, yaani mkuu wa kijiji, aliambiwa, uliona? Na yeye haoni. Macho yake ndiyo yalikuwa shahidi wake pekee.

Nikaandika 1949, nikabonyeza.

Jumamosi tukachapa fiche zote, zikaanza kugawiwa mimi nikiwa nimeshaondoka. Jumatatu asubuhi nikafika kituoni nikakuta watu wamejaa kwenye geti, na sauti si za wagonjwa, ni za ugomvi.

Nikapewa fiche ya kwanza nisome. Ilikuwa ya Koko Nabintu.

Umri: miezi 0. Mtoto mchanga. Aje na mama yake mzazi na karata ya chanjo. Hapasuliwi katika kampeni hii.

Ndiyo, mtoto mchanga mwenye mtoto wa jicho. Huo utani nimeshauona, kaeni nao.

Koko alikuwa amekaa juu ya jiwe, mkwe wake pembeni ndiye aliyemsomea. Aliposikia sauti yangu akanigeukia.

"Mama yangu alikufa zamani," akasema. "Banataka nimulete, nimufukue?"

Watu wakacheka. Mimi mwenyewe nilicheka, kisha nikaona aibu, kwa sababu yeye hakucheka hata kidogo.

Hakuwa peke yake. Walikuwa wazee thelathini na mmoja. Wazee wenye mvi, wenye fimbo, mmoja mchungaji wa kanisa, wote mashine imewaandika watoto wachanga na kuwatoa kwenye orodha.

Msimamizi wa kampeni alikuwa mwanaume mmoja tunamwita Coordo. Si mtu mbaya, niseme ukweli. Ila ni mtu wa ripoti. Akikuta jambo halimo kwenye ripoti, kwake halipo.

Coordo akasema wazee wamedanganya umri, au hawana karatasi sahihi. Kila mmoja arudi kwao alete attestation, yaani cheti cha kuzaliwa, yenye siku, mwezi na mwaka.

Attestation! Mtu wa Hauts-Plateaux apande mlima siku mbili, atafute ofisi ambayo pengine ilishafungwa, ashuke siku mbili, akute timu inafungasha mizigo.

Nikamwambia hapana, kuna njia fupi. Tuwaandikie wote 01/01 na mwaka wao. Hiyo programu inaisoma vizuri, tunamaliza leo hii. Coordo akakubali haraka.

"Voilà. Andika premier janvier kwa bote, tufunge liste," akasema.

Hapo wakuu nakiri. Sikuwa nimetafuta sababu. Sikujua kwa nini 1949 imegeuka mtoto mchanga. Nilitaka tu kelele ziishe. Nilikuwa nimeficha aibu yangu chini ya tarehe mosi Januari.

Nikaenda kwa Koko, nikachuchumaa, nikamweleza vizuri, kwa upole. Tutakuandikia tarehe mosi mwezi wa kwanza, Koko. Ni karatasi tu.

Akatikisa kichwa.

"Minye sikuzaliwa Bonané," akasema. Bonané kwetu ni Mwaka Mpya. "Mama alinizaa wakati banavuna maharagi. Alinizaa pale pale mu shamba, na ile shamba njo bananikata. Ukiandika Bonané, uko unaandika mutoto wa mama mwingine. Basi mumutafute uyo, mumupasue macho."

Nikabembeleza. Koko, utakosa nafasi. Koko, timu inaondoka Jumamosi. Koko, fikiria mpaka wa shamba.

"Njo naufikiria," akasema. "Siku moja nitasimama mbele ya chef, niseme ukweli ya mupaka. Jirani atatoa karatasi aseme, uyu koko hata siku yake ya kuzaliwa anadanganya."

Nilikasirika, sitasema uongo. Nilisema moyoni, wazee wana shida. Unaletewa dawa mlangoni, unauliza chupa ina rangi gani.

Ndipo mzee mwingine akasogea. Huyu nimwite Mzee Sebagabo, mfugaji kutoka Hauts-Plateaux, mrefu, kofia mkononi. Yeye naye alikuwa "mtoto mchanga", wa mwaka 1957. Alikuwa amezunguka kimya kimya kati ya watu akiuliza miaka yao, bila kupiga kelele hata moja.

"Mwanangu, nikuulize kitu kimoja," akasema. "Uyu wa sitini na moja, mashine ilimukubali. Uyu wa sitini kamili, ilimukubali. Minye wa hamsini na saba, ilinikataa. Uyu mama wa hamsini na tisa, ilimukataa. Ni nani alikuambia uchore mustari pale?"

Nikaganda.

Ninyi wa Tanzania labda hamjapata ubaridi wake, ngoja niwape. Kongo ilipata Uhuru 1960. Na hapa kwetu 1960 si mwaka wa kwenye vitabu tu. Watu wamegombana miaka na miaka, na wengine wamekufa, juu ya swali la nani alikuwepo nchini kabla ya Uhuru na nani hakuwepo. Kwetu swali la "ulizaliwa lini" halina keki wala mishumaa.

Na sasa programu yangu imechora mstari pale pale. Waliozaliwa 1960 kuja mbele ni watu wazima wenye haki ya kutibiwa. Waliozaliwa wakati wa Mbelgiji hawapo, wamezaliwa juzi.

Na mimi nikataka kuwapa hao hao tarehe mpya ya kubuni. Jamani.

Neno likapita getini kama moto wa majani. Dakika chache tu, wale waliokuwa wamekubali Bonané nao wakarudisha fiche zao. Mwingine anasema ni siasa. Mwingine anasema wanataka kuwafuta wazee ili mashahidi waishe. Mtu wa bondeni na mtu wa mlimani, ambao kwa kawaida hawakai benchi moja, walikuwa benchi moja wakinitazama mimi.

Coordo akanivuta pembeni. Akaniambia niseme ni réseau, yaani mtandao umesumbua, na atakayebisha aende nyumbani.

Nikamwambia kituo hiki hakina mtandao, programu inafanya kazi ndani ya laptop.

Akasema, bao banajua? Yaani, kwani wao wanajua?

Hilo neno lilinichoma kuliko kosa lenyewe. Nikachukua laptop na cahier la muuguzi, nikapanda pikipiki mpaka Kimanga. Ilikuwa kama saa nne asubuhi na umeme ulikuwepo, asante Mungu.

Sikugusa programu. Nilifungua ukurasa mtupu nikaandika mstari mmoja, nikaipa strtotime neno moja: 1961. Ikajibu mwaka 1961, tarehe na mwezi wa leo. Sawa, umri unatoka vizuri.

1960. Sawa.

1959.

Ikajibu: leo, saa 19:59.

Nikarudia. 1957: leo, saa 19:57. 1949: leo, saa 19:49.

Mmeshaona? Ile function ikikuta namba nne zilizosimama peke yake, inajaribu kwanza kuzisoma kama saa. Kumi na tisa ni saa, arobaini na tisa ni dakika. Na kwa kuwa hujaitajia siku, inakupa ya leo. Lakini dakika zinaishia hamsini na tisa. Hakuna dakika ya sitini. Kwa hiyo ikifika 1960 inashindwa kuifanya saa, ndipo inasema aa, basi huu ni mwaka.

Mstari wa Uhuru haukuchorwa na mwanasiasa. Ulichorwa na dakika sitini za saa.

Nikacheka peke yangu mpaka mteja wa photocopy akachungulia. Kisha nikalia, kwa sababu nilikumbuka test yangu. Mama yangu, 1971. Ningemjaribu na babu yangu badala ya mama, ningeona siku ya kwanza. Nilipima kwa mtu mmoja, nikawahukumu thelathini na mmoja.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Kwenye database nilikuwa nimehifadhi ile tarehe iliyogeuzwa tu. Maandishi ya asili, 1949, 1957, sikuyaweka popote. Mashine ilikuwa imemeza miaka yao na kutema siku waliyokuja kujiandikisha. Lisingekuwepo lile cahier la muuguzi na kalamu yake ya bluu, ningekuwa nimewafuta kweli.

Nikarudi kituoni. Coordo alikuwa kwenye ngazi, akaniuliza kwa macho, réseau? Nikampita.

Nikapanda juu ya benchi. Nina kimo kifupi, niliwahitaji wanione.

Nikasema mashine imesoma miaka yenu kama saa. Nikasema kosa si lenu, si la karatasi zenu, si la réseau. Ni langu, mimi ndiye niliyeiamini bila kuipima. Nikataja jina langu na la baba yangu, na mtaa wa Kilibula ilipo nyumba yetu, ili anayetaka kugomba asipotee njia.

Kisha nikaomba simu ya muuguzi, nikaipanga saa yake kwenye 19:49, nikamwonyesha Mzee Sebagabo. Akaitazama kwa jicho lake lililobaki na mwanga. Akaitazama tena.

"Hii ni saa moja ya jioni na dakika," akasema.

Ndiyo, mzee. Na ni mwaka wa Koko Nabintu.

Akawageukia watu, akawaeleza yeye, kwa lugha mbili. Dakika sitini, saa, mwaka, yote. Alieleza vizuri kuliko mimi, na walimwamini yeye kuliko mimi, na walikuwa na haki.

Koko alisikiliza mpaka mwisho. "Basi minye ni jioni," akasema. "Lakini bado sijalala."

Hapo ndipo ugomvi wangu na Coordo ulipoanza sawasawa.

Maana sasa nilijua sababu, na njia ya mkato ilikuwa bado ipo: weka 01/01 kimya kimya, strtotime inaridhika, ripoti inajaa. Coordo alisema template ya wafadhili ina nafasi ya siku, mwezi na mwaka, na hawezi kupeleka nafasi tupu.

Nikamwambia nafasi tupu ni ukweli. Tarehe ya kubuni ni uongo ulionyooka mgongo.

Akasema mimi ni fundi tu.

Nikasema ndiyo, na fundi hafungi mlango huku mtu yuko ndani. Nikamwambia akitaka Bonané kwa wazee wote, aketi yeye kwenye laptop aandike mwenyewe, na aweke sahihi yake chini. Laptop nikaigeuza ikamwelekea.

Hakuketi. Akasema kwa Kifaransa kwamba mimi nikiolewa nitamuua mtu kwa presha. Nikamwambia atafutwe mwenye moyo imara.

Jumatatu mchana na Jumanne asubuhi nikabomoa. Ile column moja ya tarehe nikaifuta, nikaweka tatu: mwaka, mwezi, siku. Mwaka ni lazima, mingine inaruhusiwa kubaki tupu. strtotime nikaitoa kabisa, sikuiachia hata kona. Namba nne zikija peke yake, code yangu inasema ni mwaka, kwisha habari, hakuna cha kukisia. Na nikaweka nafasi ya kuhifadhi neno lolote alilosema mtu, kama alivyolisema.

Muuguzi akasoma kutoka cahier, mimi nikaandika. Mmoja mmoja, wote thelathini na mmoja.

Fiche mpya ya Koko ikatoka: 1949, siku haijulikani.

Nikamsomea nikitegemea asante.

"Haijulikani na nani?" akauliza. "Mama alijua. Minye najua wakati. Ni weye njo haujui."

Wakuu, niliitupa ile karatasi. Nikachapa nyingine: 1949, wakati wa kuvuna maharagi, Lubarika.

Akaomba asomewe mara mbili. Akaikunja, akaiweka kwenye plastiki pamoja na karata ya ubatizo. Wa nyuma yake akasema na yeye anataka ya kwake iandikwe mwaka mvua ilipogoma. Mzee Sebagabo akaniambia aliyezaliwa kwao huulizwa ng'ombe gani alikuwa amezaa siku hizo, na ng'ombe wa mama yake aliitwa Gaju. Nikaandika Gaju. Kuna fiche ya hospitali Uvira hii yenye jina la ng'ombe, na daktari aliisoma kwa sauti kwenye chumba cha upasuaji, wakaelewana vizuri tu.

Jumatano wakaanza kuwaingiza wazee. Koko akapasuliwa jicho la kulia Alhamisi.

Ijumaa asubuhi nilikuwepo wanamfungua bandeji. Sikualikwa, nilijialika. Muuguzi akafuta jicho taratibu, akamwambia fungua.

Akafungua. Akatazama mikono yake, juu na chini. Akamtazama mkwe wake, akamwambia amekonda. Kisha akanitazama mimi, kutoka kichwani mpaka viatuni.

"Kumbe weye," akasema. "Kadogo hivi, na njo uliita bantu bazima batoto."

Chumba kizima kikaangua kicheko. Nililia bila kujificha, kwani nifiche nini?

Sasa lile linaloniuma. Sio wote thelathini na mmoja waliopasuliwa. Mzee mmoja alisomewa fiche yake ile Jumamosi ya kwanza, akaambiwa hapasuliwi, akageuza akarudi mlimani siku ile ile. Tulituma ujumbe kwa kila mtu aliyekuwa anapanda. Hakushuka kabla timu haijaondoka. Huyo mzee haoni hadi leo ninapoandika, na sababu ni mstari mmoja wa code yangu. Jina lake nimeliandika juu kabisa kwenye orodha ya kampeni ijayo, ije lini ije. Ikija nitapanda mwenyewe kumleta, na wanaonijua wanajua napanda.

Koko je?

Walimwambia apumzike, asishike jembe mwezi mzima. Jembe hakushika, alitii. Wiki ya pili alimwita chef wa kijiji, akamwita jirani, akasimama kwenye kona ya shamba lake na jicho moja. Akaonyesha kwa kidole miti ya mpaka ilipo, kisha mashimo ya zamani ilipong'olewa. Yalikuwepo, wakuu. Yamefukiwa nusu, majani yameota juu, lakini yamepangana mstari mmoja safi. Mwenye macho yoyote angeyaona, ila hakuna aliyekuwa amejisumbua kuangalia.

Jirani akasema huyu ni mzee, kumbukumbu zimechanganyika.

Koko akatoa fiche yangu kwenye plastiki, akampa chef asome. 1949, wakati wa kuvuna maharagi, Lubarika. Kisha akasema alizaliwa ndani ya mstari wa mashimo yale, upande wake.

Miti ikarudishwa siku ile ile. Ni hatua mia na arobaini na sita sasa, kwa sababu, kama alivyosema, mzee anafupisha hatua.

Nilichojifunza si kikubwa. Function inayokubali kila kitu unachoipa haijakuelewa, imekisia tu kwa heshima. Ihifadhi kauli ya mtu kama alivyoitoa kabla hujaigeuza. Usipime kazi yako kwa umri wa mama yako pekee. Na mtu akikataa marekebisho yako, kabla hujamwita mkaidi, kaa chini uangalie ni nini hasa unachotaka kumrekebisha.

Uwanja ni wenu. Najua wapo mafundi wanakuja kuniambia hayo yote yameandikwa kwenye manual, ningesoma. Ni kweli yameandikwa, nimeyasoma baadaye, karibuni mnitukane. Ila kabla hujaandika comment yako, fundi, nijibu moja kwanza: bibi yako alizaliwa tarehe ngapi?